Maktaba ya Kidijitali Shuleni Bila Intaneti: Mwongozo Kamili, Kuanzia Orodha ya Walimu Hadi Daftari la Makabidhiano

Kuna chumba ambacho nimekikuta katika shule zaidi ya moja. Mlangoni kuna kufuli mbili. Ndani kuna kompyuta kumi na mbili zimefunikwa vitenge, na ukutani imebandikwa picha ya siku ya uzinduzi: utepe, mkasi, mgeni rasmi. Ukiuliza kwa nini pamefungwa, jibu ni fupi: mwalimu aliyejua nywila alipata uhamisho. Mashine ni nzima, umeme upo, vitabu vya kidijitali viko ndani ya diski. Hakuna tu mtu wa kuvifungua.

Nimeuandika mwongozo huu nikikifikiria chumba hicho. Unamfaa mwalimu wa shule ya sekondari ya kata, mkutubi wa maktaba ya wilaya, au kijana aliyeombwa na shule yake ya zamani awasaidie. Nachukulia kwamba mna umeme unaokatika mara kwa mara, bando la kununua kwa kubana matumizi, chumba kimoja kinachofungwa vizuri, na wanafunzi mia kadhaa wasioruhusiwa kuja shuleni na simu. Nachukulia pia kwamba hakuna mfadhili wa kudumu. Ndiyo maana kila programu ninayoitaja ni huria: mnaiweka bure, mnainakili mnavyotaka, na hakuna leseni itakayoisha muda wake mwaka kesho ikawafungia mlango.

Tunachojenga ni seva ndogo, yaani kompyuta inayotunza maudhui na kuyagawa kwa vifaa vingine, yenye diski kubwa na ruta ya kusambaza waifai ndani ya jengo. Mwanafunzi anashika kishikwambi au anakaa kwenye kompyuta, anafungua kivinjari, anaandika anwani fupi, na maktaba inafunguka. Intaneti inahitajika siku za kupakua tu.

Hatua ya kwanza: kaa na walimu kabla ya kununua chochote

Watu wengi huanza na mashine. Anza na karatasi. Mwombe mkuu wa shule dakika arobaini katika kikao cha walimu, kisha mwulize kila mwalimu wa somo maswali matatu: ni mada gani wanafunzi hawaielewi kila mwaka? Ni kitu gani ungependa kuwaonyesha lakini huna kifaa? Ni maswali gani unayachosha mkono kuyaandika ubaoni kila muhula?

Majibu yatakushangaza kwa jinsi yalivyo mahususi. Mwalimu wa fizikia hatasema "nataka teknolojia". Atasema maabara ina amita mbili, moja mbovu, na darasa lina wanafunzi 90, kwa hiyo mkondo wa umeme anaufundisha kwa kuchora. Mwalimu wa biolojia atataka picha ya seli inayoonekana vizuri kuliko ile ya kitabuni iliyofifia kwa kunakiliwa mara nyingi. Mwalimu wa Kiswahili atakwambia watoto wa kidato cha kwanza wanasoma polepole mno, hata kwa lugha waliyozaliwa nayo.

Chukua pia taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa zinazotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA. Zinapatikana kwenye tovuti yake, na zinaeleza swali kwa swali wapi watahiniwa walianguka na kwa sababu gani. Linganisha na maneno ya walimu wako. Mada inayotokea pande zote mbili iwekee alama nyekundu. Orodha hiyo ya mada, labda ishirini au thelathini, ndiyo itakayoamua diski iwe na nini. Hakikisha inaendana na mitaala iliyoboreshwa, ambayo imeanza kutumika kwa awamu tangu Januari 2024. Ukijaza diski kwa mtaala wa zamani, walimu watajaribu mara moja na hawatarudi.

Hatua ya pili: chagua maudhui, na usome leseni

Hapa tukae kidogo, maana ndipo wengi wanapokosea kwa nia njema kabisa.

Kitu kinachosomeka bure mtandaoni si lazima kiwe huru kunakiliwa. Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, ina maktaba mtandao ambamo vitabu vya kiada vinasomwa bila malipo. Huduma hiyo ni nzuri, itumieni kila mkiwa na intaneti. Lakini ruhusa ya kukisoma kitabu pale haikupi ruhusa ya kukihamishia kwenye seva yenu na kukigawa. Mkikihitaji ndani ya seva, andikeni barua ya kuomba kibali, na barua ya majibu muihifadhi. Hivyo hivyo kwa vitabu vya wachapishaji wengine: mtu kupiga picha kitabu kizima na kukirusha kwenye kundi la WhatsApp hakukifanyi kiwe cha umma. Hakimiliki inalindwa kwa sheria ya mwaka 1999, na ofisi inayoisimamia ni COSOTA.

Salama yenu ni maudhui yenye leseni ya wazi. Nyingi hutumia leseni za Creative Commons, zilizotolewa mara ya kwanza 2002, na zinasomeka kwa herufi. BY maana yake mtaje mtunzi. SA maana yake ukiboresha, kazi mpya uitoe kwa masharti yale yale. NC maana yake usiifanyie biashara. ND maana yake usibadilishe kitu. Kwa hiyo hadithi yenye CC BY mnaweza kuichapisha, kuitafsiri, kuibadilishia majina ya wahusika na kuisambaza, mradi mtunzi atajwe. Video yenye NC mnaweza kuionyesha darasani, lakini si kwenye kibanda cha kulipisha.

Sasa maudhui yenyewe. Haya ndiyo ningeanza nayo.

Wikipedia, kupitia Kiwix. Kiwix ni programu huria iliyoanza 2007, inayofungasha tovuti nzima katika faili moja la aina ya ZIM linalosomeka bila intaneti. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa 2003, ni faili dogo linaloingia hata kwenye simu ya kawaida. Ya Kiingereza yenye picha zote inapita GB 100. Kuna toleo lisilo na picha, lenye ukubwa wa karibu nusu ya hapo. Ushauri wangu: wekeni ya Kiswahili nzima, na kwa Kiingereza chukueni yenye picha kama diski inatosha. Picha kwa mtoto asiye na maabara zina thamani kuliko unavyodhani.

PhET. Haya ni majaribio ya sayansi na hisabati ya kuchezea kwenye skrini, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ulioanzishwa 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia. Mwanafunzi anaunganisha betri, waya na taa kwa kidole, anaongeza ukinzani, anaona mkondo unavyopungua. Yule mwalimu mwenye amita moja nzima, hapa ndipo atakapofurahi. Nayo hupatikana kama faili la ZIM, na baadhi ya majaribio yametafsiriwa kwa Kiswahili.

Hadithi fupi za kusoma. African Storybook, uliozinduliwa 2014 na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, una vitabu vya picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Msidharau hadithi hizi kwa kuwa mna wanafunzi wa sekondari. Mtoto anayekwama kusoma hukwama katika kila somo, na kitabu cha kurasa kumi na mbili anachokimaliza mwenyewe humpa ujasiri.

Kolibri. Hii ni programu ya shirika la Learning Equality, iliyotengenezwa mahsusi kwa shule zisizo na intaneti. Inabeba video na mazoezi ya Khan Academy na vyanzo vingine vingi, inazungumza Kiswahili, na inampa mwalimu uwezo wa kuunda somo, kutoa jaribio na kuona nani amefanya nini. Ukitaka mazoezi ya hisabati yanayojisahihisha, ni hii.

Acha nafasi ya angalau robo ya diski kwa ajili ya maudhui mtakayoyatengeneza wenyewe. Nitaeleza sababu huko mbele.

Hatua ya tatu: mashine na umeme

Kwa seva una njia mbili nzuri. Ya kwanza ni Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayoenea kiganjani. Raspberry Pi 4 yenye RAM ya GB 4 inatosha kabisa. Inakula umeme kidogo sana, wati tano hadi saba hivi, na haina feni ya kuvuta vumbi. Ya pili ni laptopu kuukuu. Watu huidharau, lakini ina faida mbili ambazo Raspberry Pi 4 haina: betri yake yenyewe, hivyo umeme ukikatika haizimiki ghafla, na saa ya ndani inayokumbuka tarehe. Kama mna laptopu iliyovunjika kioo lakini inawaka, hiyo ni seva. Iwekeeni Debian, mfumo endeshi huria, na hatua zilizobaki ni karibu zile zile.

Hilo la saa si dogo. Raspberry Pi 4 ikizimwa husahau muda, na bila intaneti haina pa kuuliza. Ikiwaka, itadhani bado ni wakati ilipozimwa, na kumbukumbu za mazoezi ya Kolibri zitakuwa na tarehe za ovyo. Nunueni kipande kidogo cha saa chenye betri ya sarafu, aina ya DS3231, kinachochomekwa kwenye pini zake.

Kadi ya kumbukumbu iwe ya chapa inayoaminika na iwe ya mfumo tu. Maudhui yakae kwenye diski ya nje ya SSD ya GB 500 au TB 1. Kadi hufa, hasa mashine inapozimwa kwa kuchomolewa waya. Kadi ikifa mkiwa mmetenganisha hivi, mnabadilisha kadi tu na maudhui yenu yako salama.

Ruta nunueni, hata iliyotumika. Raspberry Pi ina waifai yake inayoweza kusambaza, lakini vifaa vikikaribia ishirini itaanza kulemewa, na wanafunzi wataamini maktaba ni mbovu. Ruta ya kawaida iliyounganishwa na seva kwa waya wa mtandao inabeba darasa vizuri zaidi. Haihitaji laini wala bando.

Vifaa vya kusomea vyaweza kuwa mchanganyiko. Shule nyingi zina walimu waliopewa vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022. Vifanyeni viwe vya kwanza kuunganishwa, maana mwalimu akizoea kuiona maktaba kwenye kishikwambi chake jioni ofisini, kesho yake ataipeleka darasani. Projekta moja nayo inaweza kufaa kuliko kompyuta tano.

Sasa hesabu ya umeme. Seva na ruta pamoja zinakula kama wati 15. Kwa saa nane ni wati-saa 120. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 40 ina wati-saa 480, lakini usiitumie zaidi ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Nusu hiyo, 240, ni siku mbili za kazi. Paneli ya wati 80, kwa saa nne za jua zuri na ukiondoa kinachopotea njiani, inarudisha kama wati-saa 220 kwa siku. Kwa hiyo paneli hiyo na betri hiyo vinaubeba moyo wa maktaba hata wiki ya mawingu. Vishikwambi ni hesabu nyingine: kimoja kinameza karibu wati-saa 20 kujaa, na ishirini ni wati-saa 400. Hivyo vichajini kwa umeme wa gridi pale unapokuwepo, msivipakie kwenye sola hii.

Kosa moja la kuepuka: kuchomeka Raspberry Pi kwenye chaja ya simu ya bei rahisi au kile kichomeo cha gari. Inataka ampea 3 kamili. Ikikosa, alama ya radi ya njano hutokea pembeni ya skrini, na baadaye mashine hujizima yenyewe bila sababu ya kuonekana. Andika `vcgencmd get_throttled`. Ikijibu `0x0`, umeme unatosha.

Hatua ya nne: kupakua bila kufilisika

Faili la GB 100 kwa laini inayokwenda megabiti 2 kwa sekunde ni zaidi ya siku nne usiku na mchana. Kwa megabiti 10 ni karibu siku moja. Hesabu hii ifanye kabla ya kununua bando. Mara nyingi jibu ni kuchukua diski na kupanda basi kwenda mjini, kwa ndugu au chuo chenye laini ya faiba, na kuiacha laptopu ipakue usiku kucha kwa idhini yao.

Pakua kwa amri inayoweza kuendelea pale ilipokatikia: `wget -c` ikifuatiwa na anwani ya faili. Ikimaliza, hakiki kwa `sha256sum` na ulinganishe na namba iliyotolewa kwenye tovuti. Usiruke hatua hii. Faili lililopungua kidogo hufunguka vizuri siku ya kwanza, halafu linagoma katikati ya kipindi.

Angalia pia muundo wa diski. Flashi na diski nyingi huja na muundo wa FAT32, ambao haupokei faili lililozidi GB 4. Wengi wamefika shuleni baada ya safari ya saa sita wakakuta Wikipedia haikunakilika. Kwa diski ya seva tumia ext4. Kwa ile ya kusafirishia, inayopita kwenye kompyuta za Windows za watu, tumia exFAT.

Hatua ya tano: kusimika seva

Pakua Raspberry Pi Imager kwenye kompyuta yoyote, andika Raspberry Pi OS kwenye kadi, na hapo hapo weka jina la mtumiaji, nywila na ruhusa ya kuingia kwa SSH, yaani kuiendesha kwa amri kutoka kompyuta nyingine. Washa mashine ikiwa na intaneti kwa mara hii moja, kisha:

`sudo apt update`
`sudo apt install kiwix-tools`

Chomeka diski na uipe makazi ya kudumu, tuseme `/maktaba`, kwa kuiandika kwenye `/etc/fstab`. Ongeza neno `nofail` kwenye mstari wake, ili siku waya wa diski ukilegea mashine iwake hata hivyo. Halafu ingiza kila faili kwenye orodha:

`kiwix-manage /maktaba/library.xml add /maktaba/zim/jina-la-faili.zim`

na washa huduma:

`kiwix-serve --port=8090 --library /maktaba/library.xml`

Ili ijiwashe yenyewe kila mara, fungua `crontab -e` na uandike:

`@reboot sleep 30 && kiwix-serve --port=8090 --library /maktaba/library.xml`

Zile sekunde 30 zinaipa diski muda wa kuamka. Bila hizo, kuna asubuhi maktaba itafunguka tupu.

Kolibri pakua kama faili la `.deb` kutoka tovuti yao, isimike kwa `sudo apt install ./` ikifuatwa na jina la faili, na fungua kivinjari kwenye mlango wa 8080, yaani anwani ya seva ikifuatwa na `:8080`. Chagua Kiswahili, ipe shule jina, tengeneza akaunti ya msimamizi. Kisha nenda kwenye mipangilio ya kifaa na uhamishie maudhui kwenye `/maktaba`, kabla hujaingiza chochote. Unapoingiza chaneli, yaani furushi la maudhui ya chanzo kimoja, usibonyeze "zote". Kolibri inakuruhusu kuchagua mada kwa mada, na orodha yako ya alama nyekundu ndiyo mwongozo.

Kama amri hizi zinakupa kizunguzungu, kuna mradi unaoitwa Internet-in-a-Box unaokusanya Kiwix, Kolibri na mengine katika kifurushi kimoja. Ni njia halali kabisa. Mimi napendelea kusimika kimoja kimoja kwa sababu kikiharibika najua nimguse nani.

Upande wa ruta, iambie iipe seva anwani ile ile kila siku, mfano 192.168.1.10. Anwani za majina yanayoishia `.local` hazifunguki kwenye simu nyingi za zamani, kwa hiyo tegemeeni namba. Ziandikeni kwa herufi kubwa ukutani: Wikipedia na sayansi `http://192.168.1.10:8090`, mazoezi `http://192.168.1.10:8080`. Ongezeni na msimbo wa QR kwa wenye kamera. Na wafundisheni watumiaji jambo hili moja: simu ikiona waifai haina intaneti hurukia data ya laini kimya kimya, na maktaba "inapotea". Zimeni data kwanza.

Hatua ya sita: maudhui ya kwenu

Ile robo ya diski niliyosema iachwe ni ya sehemu hii, na kwangu ndiyo inayogeuza seva kuwa maktaba ya shule yenu. Mwalimu mzuri wa jiografia aliyefundisha miaka kumi na minane ana daftari la maandalio ambalo hakuna tovuti inayolo. Anajua mto ule nyuma ya shule ulihama lini na kwa nini, na anautumia kufundisha mmomonyoko. Akistaafu, daftari linaondoka naye.

Anzeni na mitihani ya ndani ya shule, maswali ya marudio, notisi za walimu waliokubali. Pigeni picha kwa simu kwenye mwanga wa dirisha, karatasi ikiwa bapa, kwa programu ya kuskani inayonyoosha kingo. Lengeni PDF isiyozidi MB 2 kwa notisi za kurasa kumi.

Majina ya mafaili yatawaokoa au yatawazika. Wekeni kanuni moja na msiivunje: somo, kidato, mada, mwaka, herufi ndogo, bila nafasi. `biology-f2-photosynthesis-2024.pdf` litapatikana hata miaka kumi ijayo. `notes mpya FINAL (3).pdf` limekufa tayari.

Njia nyepesi ya kuyaingiza ni Kolibri Studio, tovuti ya bure ambako mnafungua chaneli ya shule, mnapandisha mafaili, kisha seva inaivuta chaneli hiyo siku ya intaneti. Studio itawalazimisha kuandika leseni kwa kila kitu. Msikasirike. Kaeni na mwalimu aliyeandika, mwelezeni, achague mwenyewe. Jina lake liandikwe kikamilifu. Nimeona mwalimu akikaa wima kidogo kitini alipoliona jina lake chini ya kazi yake kwenye skrini.

Kwa wanafunzi, kuweni waangalifu. Kolibri hutunza majina na matokeo yao, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu na ninyi. Sajilini jina na darasa tu. Tarehe za kuzaliwa na namba za wazazi hazina kazi humo.

Na vitabu vya karatasi?

Vikiwa chini ya elfu moja, jedwali la LibreOffice linatosha. Vikizidi, na kama mna kompyuta ya kudumu kwa kazi hiyo, kuna Koha, programu huria ya kuendeshea maktaba. Ilizaliwa 1999 katika maktaba za wilaya ndogo ya Horowhenua, New Zealand, ambazo mfumo wao wa zamani usingeweza kuvuka mwaka 2000. Badala ya kununua mwingine walijenga wa kwao, wakautoa huru kwa wote. *Koha* kwa Kimaori ni zawadi. Leo unaendesha maktaba kubwa duniani. Ni mzito kwa shule ya kata, lakini kwa maktaba ya wilaya au ya mkoa unafaa sana. Vyuo vinavyotunza tasnifu na tafiti hutumia DSpace, kama ilivyo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, pale Morogoro. Hiyo si kazi ya sekondari.

Hatua ya saba: ratiba

Maktaba isiyo kwenye ratiba ya shule haipo. Mwalimu wa taaluma aiandike: kila mkondo dakika themanini kwa wiki, na saa moja jioni kwa watakaopenda. Vifaa vikiwa ishirini na darasa lina wanafunzi 60, wagawe makundi matatu. Kundi moja likiwa kwenye vifaa, la pili lifanye maswali ya daftari juu ya mada ile ile, la tatu liangalie projekta. Kuwaweka watatu kwenye kifaa kimoja si kosa, mradi mkono unaogusa skrini uzunguke. Angalieni hasa wasichana: pasipo zamu, mara nyingi huishia kutazama.

Video waangalie kwa makundi madogo au kwa projekta. Vifaa ishirini vikifungua video ishirini kwa pamoja vitaikwamisha ruta yoyote ya bei ya kawaida.

Hatua ya nane: makabidhiano

Uhamisho wa walimu ni jambo la kawaida katika utumishi. Andaeni maktaba mkijua kwamba aliyeisimika ataondoka.

Watu watatu wajue kila kitu tangu wiki ya kwanza: mwalimu msimamizi, mwalimu wa pili wa somo lingine kabisa, na mtu asiyehamishwa, kama mkutubi wa kuajiriwa na kijiji au mhasibu wa shule. Chini yao iwepo klabu ya wanafunzi, nusu kidato cha kwanza na cha pili, ili kidato cha nne wakimaliza ujuzi ubaki.

Nywila zote ziandikwe kwenye karatasi, bahasha ifungwe kwa lakiri, ikae kwenye kabati la mkuu wa shule. Najua wataalamu wa usalama wa kompyuta hawapendi karatasi. Kwa shule, hatari ya nywila kusahaulika ni kubwa mno kuliko ya kuibwa kwenye kabati lile.

Nakilini kadi ya mfumo kwenye kadi ya pili, iandikeni tarehe, iwekeni kwenye kikopo kikavu. Kila muhula fanyeni zoezi: toeni kadi inayotumika, chomekeni ya akiba, muone kama maktaba inawaka. Akiba isiyojaribiwa msiihesabu. Zimeni mashine kwa amri `sudo shutdown now`, au mwekeeni mlinzi wa zamu kitufe cha kuzimia, msichomoe waya. Betri ya asidi iwekewe fungu kwenye bajeti kila baada ya miaka miwili au mitatu.

Halafu daftari. Daftari kubwa la jalada gumu, limefungwa kwa kamba mezani. Ukurasa wa kwanza una mchoro wa waya upi unaingia wapi, umechorwa kwa mkono. Unaofuata una amri zote zilizotumika, neno kwa neno. Kuanzia wa kumi, kila siku mstari mmoja: tarehe, waliokuja wangapi, walitafuta nini, nini kiligoma, kilitengenezwaje. Ile safu ya "walitafuta nini wakakikosa" ndiyo orodha ya ununuzi ya safari ijayo ya mjini. Anayehama husaini, anayepokea husaini, na kabla ya sahihi anayepokea huizima maktaba na kuiwasha mwenyewe, peke yake, yule mwingine akiwa amesimama mlangoni bila kusema neno.